Maji Hayangoji Asilimia

"Thelathini na moja!" Bi Mwatum alisoma kwa sauti kubwa, kama anayenadi samaki.

Wanawake waliokaa majamvini nyuma ya madrasa ya kisiwa cha Fundo walinyoosha shingo kutazama. Kwenye kioo cha kompyuta ndogo vitone vyeupe vilikuwa vikifukuzana kwenye duara, na chini yake pameandikwa kwamba mashine inasasishwa, isizimwe. Mwanabaraka alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Na kweli ilikuwa na homa. Kanga iliyokuwa chini yake ilishaanza kunuka pasi.

"Tulipokunywa chai ilikuwa thelathini," alisema mmoja.

"Basi si imepanda? Mtu apande kwa kasi gani tena?"

Walicheka, na Mwanabaraka akacheka nao, ila cheko lake lilikuwa fupi. Alikuwa amevuka kutoka Wete kwa boti ya asubuhi kwa kazi moja tu: kuandika katiba ya kikundi chao cha mwani. Kikundi chenyewe kiliitwa Hatukawii. Alhamisi ofisa wa vikundi angekuja Wete, na kikundi chenye katiba iliyochapwa ndicho kingeandikishwa na kuwekwa kwenye mpango wa kupewa chanja za kukaushia mwani. Kisicho nayo kingesubiri mwaka mwingine, na mwani wake uendelee kuanikwa mchangani, ukusanywe na mchanga wake, na mnunuzi auponde kwa maneno na kwa bei.

Mwanabaraka mwenyewe aliulizwa atamaliza lini, akajibu: "Leo." Ndivyo alivyo. Hajui kusema tutaangalia.

Kazi ingekuwa nyepesi kama wanawake wa Hatukawii wangempa maneno akaondoka nayo. Lakini Fundo jambo la wengi halipiti mkononi mwa mmoja. Kila kifungu husomwa kwa sauti, kila mwanachama huitwa jina lake, naye hujibu, "Nimesikia." Asiyeridhika hasemi hivyo, husema, "Rudi nyuma," na kifungu hurudiwa, hupinduliwa, hushonwa upya mpaka kimkae. Kwa hiyo mwandishi hana budi awe pale pale, na mashine yake iwe macho.

Walikuwa wamefika kifungu cha nne mashine ilipojifunga yenyewe.

"Maji yanatoka, mwani uko wazi," alisema Bi Mwatum akisimama na kujifunga kibwebwe. Alikuwa mwenyekiti, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana na wenzake kutoka shamba la mwani hadi ufukweni. "Twendeni. Mwana wa Bi Asya, mashine yako imetushinda."

"Ngojeni kidogo, Bi Mwatum. Itaamka."

"Mie nangoja. Maji hayangoji asilimia."

Wakaondoka na kamba zao mabegani, wakimwacha na mapande ya muhogo wa kuchemsha aliyowekewa kwenye sahani. Aliula wote. Mwanabaraka si mtu wa kususia chakula kwa ajili ya mashine.

Ndani ya boti ya kurudi hakuthubutu kuifunga, maana iliandikwa isizimwe. Aliishika wazi, akaifunika kwa kanga dhidi ya marasharasha ya maji ya chumvi, akawa kama mtu aliyebeba kuku asiyetaka kuonekana. Walipokaribia Wete alichungulia chini ya kanga. Asilimia themanini na nane. Kisha moto wa betri ukaisha, na kioo kikawa cheusi kama sufuria.

*

Kompyuta ile alikuwa ametumiwa na kaka yake, Soud, aliyeko Maskati. Ilitengenezwa na kampuni ya simu, na ilionekana hivyo: nyembamba, nyepesi, ya kijivu, na tundu la chaji kama la simu. Mashine yake ya zamani ilikufa kwa umeme uliokuja kwa kishindo siku moja ya mvua, naye akashukuru kupata hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza angeweza kuifuata kazi ilipo badala ya kuingoja barazani. Barazani, yaani chumba kimoja chenye mlango wa kukunja karibu na soko la Wete, meza, printa kuukuu, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: UCHAPAJI. HARAKA.

Neno la pili ndilo lililokuwa likimwasha sasa.

"Mama, tatizo si mashine," alisema Safaa, binti yake, aliyekuja likizo kutoka chuoni Unguja, anakosomea kompyuta. Aliigeuza huku na huku kama daktari. "Mashine ni ndogo, wameibebesha mfumo endeshi mkubwa. Ni kama kumpakia punda mzigo wa lori. Tuutoe ule wa madirisha, tutie Linaksi. Mwepesi, na wa bure."

"Cha bure kina mwenyewe," alijibu mtu kutoka mlangoni. Alikuwa Ridha, fundi wa simu na kompyuta wa ng'ambo ya barabara, ameingia bila kuitwa, miwani kipajini na bisibisi sikioni. "Salaam aleikum. Bi Mwanabaraka, usimsikilize mtoto. Dunia nzima inatumia madirisha. Mwache aning'inie na Linaksi yake huko chuoni. Mie nitausafisha huo uliomo, utakimbia."

"Utakimbia kama jana Fundo?"

"Jana hukunipa niusafishe."

Mzee Khatib, muuza kahawa, alikuwa na birika lake nje ya mlango. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani, na kwa hiyo alikuwa na rai iliyonyooka. "Kampuni ya simu," alisema, "itiwe mfumo wa simu. Kila mtu apike anachokijua. Kitieni hiki kitu kile cha kwenye simu, kwisha."

"Mzee Khatib, simu ninayo," alisema Mwanabaraka. "Nikitaka ya pili nitanunua ya pili. Mie nataka kitu cha kuandikia katiba."

Basi hapo kahawa ikawa haitoshi. Watu wa Wete ukiwapa jambo lenye pande mbili, watakaa pande mbili, na watakaa sawasawa. Mpaka Adhuhuri baraza la Mzee Khatib lilikuwa limegawanyika. Upande wa kushoto wa birika walikaa watu wa Dirisha, wakiongozwa na Ridha. Upande wa kulia walikaa watu wa Bata, maana Safaa aliwaonyesha alama ya Linaksi, ndege mnene mweusi mwenye tumbo jeupe, akawaambia ni pengwini, wakasema huyo ni bata, na mjadala ukafungwa. Aliyekaa kulia hakupokea kashata kutoka kushoto. Muuza ndimu alihama upande mara mbili, akaambiwa achague moja au aondoke na ndimu zake.

"Bata gani hana hata bwawa!" watu wa Dirisha walipiga kelele.

"Anaogelea. Nyinyi mmekaa dirishani mnangoja asilimia!"

Mwanabaraka aliwatazama akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa na stashahada ya uhazili aliyoisomea kwa ada iliyotoka kwenye mwani wa mama yake, Bi Asya, mwani wa Fundo ile ile, na jambo moja alilojifunza tangu chuo ni kwamba watu wanaobishana juu ya chombo kwa kawaida si wao watakaokitumia.

"Nyamazeni," alisema. Wakanyamaza, kwa sababu wengi wao aliwachapia kadi za arusi na akajua walioa kwa gharama gani. "Mashindano. Nateleka chai. Ridha anaanza: asafishe anachosafisha, kisha aizime, aiwashe. Halafu Safaa. Atakayenifikisha kwenye ukurasa mtupu wa kuandikia chai haijachemka, huyo ndiye."

"Na mimi ule uliomo sitaufuta," Safaa alieleza. "Wangu nitauwasha kutoka kwenye flashi. Ukipenda, ndipo tuuingize."

"Vizuri. Posa kwanza, ndoa baadaye."

Ridha alifanya kazi kwa bidii na bila hila. Alitoa michezo, alitoa matangazo, alitoa saa za miji ambayo Mwanabaraka hatafika. Kisha akazima, na jiko likawashwa. Baraza zima lilisimama kama kwenye mchezo wa ng'ombe, wakiacha nafasi katikati. Mashine iliamka. Ikakaribisha. Ikafikiri. Duara likaanza kuzunguka, na watu wa Bata wakaanza kulihesabia mizunguko kwa makofi. Chai ilichemka, ikamwagika, ikazima nusu ya moto, na ndipo ukurasa mtupu ulipochomoza, mweupe na wenye haya.

"Maji yalikuwa machache!" Ridha alilalamika.

"Yaongezwe," alisema Mwanabaraka, na zamu ya Safaa akapunguza maji badala ya kuyaongeza, ili pasiwe na maneno.

Safaa alichomeka flashi. Maandishi meupe yalishuka mbio kwenye kioo cheusi, kama mvua dirishani, kisha ikatokea rangi ya samawati, kisha ukurasa. Sufuria ilikuwa haijatoa hata kipovu. Upande wa kulia ulilipuka. Mzee Khatib, aliyekuwa amekwishaacha chama chake cha simu, alimkumbatia muuza ndimu. Ridha alishusha miwani kutoka kipajini, akaivaa, akaichunguza mashine kwa karibu, akarudi dukani kwake pasi na kahawa.

"Fungisha ndoa," Mwanabaraka alimwambia bintiye. "Futa ule mwingine, nafasi humo ni ndogo. Mume mmoja anatosha."

Safaa alinakili mafaili ya mama yake pembeni, akafuta, akaingiza. Hapakuwa na mtu hata mmoja, kulia wala kushoto, aliyekumbuka kuitazama printa.

*

Jumatano wanawake wa Hatukawii walimpokea kwa dhihaka tayari.

"Imelala vizuri, mashine yako? Imeota nini?"

"Mwana wa Bi Asya, leo tumekuletea mto iegemee."

Mwanabaraka alikaa jamvini, akaifungua, na kabla hajamaliza kukunja miguu ukurasa ulikuwa wazi. Dhihaka zikakatika. Bi Mwatum alisogea, akamwona yule ndege mdogo kwenye kona ya kioo.

"Nani huyu? Kunguru kavaa kanzu?"

"Pengwini, Bi Mwatum. Anaishi kwenye barafu."

Bi Mwatum akatia mkono chini ya mashine, akauacha hapo. "Ndio maana leo haina homa."

Wakaanza. Kifungu cha tano: kila mwanachama ahudhurie kazi ya bamvua, maji yanapotoka mbali. Nimesikia, nimesikia, nimesikia. Kifungu cha sita: atakayechelewa alipe faini.

"Rudi nyuma," ilitoka sauti kwenye kona.

"Sema, shoga."

"Na mwenye kuchelewa kwa mazishi?"

Ikaandikwa: isipokuwa mazishi. Akatokea mwingine: na mgonjwa? Ikaandikwa. Na mkwe akija bila taarifa? Hapo walibishana. Bi Mwatum aliona mkwe si udhuru; mwenye sauti ya kona akamwuliza ni kwa sababu mkwewe wa kiume anakaa mbali, Tumbe, na haji? Vicheko vikapasuka hata watoto wa madrasa wakachungulia. Mwanabaraka aliandika, akafuta, akaandika. Vidole vyake vilikuwa vikienda bila yeye kuvitazama, na mashine ikamfuata kama mtu anayejua nyumba.

Kifungu cha tisa kilimgusa Bi Mwatum mwenyewe: mwenyekiti asimtume mkazamwana wake, mke wa mwanawe, majini kwa niaba yake. Walimtazama.

"Nani kaleta hicho?"

Mkazamwana wake alikuwa ameinamia kamba zake, akifungua fundo ambalo halikuwepo.

Bi Mwatum aliinua uso, akautazama mkondo wa maji kule nje, ulioanza kujivuta na kuacha utando unaong'aa juu ya mchanga. "Nimesikia," alisema. Kisha akaongeza, "Mkae mkijua goti langu la kushoto halijasikia."

Walimaliza cha kumi na mbili maji yalipokuwa magotini, na betri ilikuwa imebakiwa na zaidi ya nusu. Bi Mwatum, akishajifunga kibwebwe, alimgusa Mwanabaraka begani. Alimtilia mfukoni pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti.

*

Printa ilikataa.

Haikupiga kelele wala haikutoa moshi. Ilikaa tu, taa ya kijani ikiwaka kwa adabu, karatasi ikiwa mdomoni, na hata nukta moja haikutoka. Safaa alichomoa waya, akauchomeka. Akaandika amri ndefu kwenye kioo cheusi. Akaandika nyingine.

"Mama," alisema mwishowe, "hii printa ni ya zamani, na aliyeitengeneza hakuitilia programu ya kusemezana na mfumo huu. Haitusikii."

"Haitusikii leo, au haitusikii kabisa?"

"Kabisa."

Nje, Mzee Khatib aliacha kumimina. Upande wa kushoto wa birika palikuwa patupu tangu jana, na kila mtu alijua kwa nini. Ng'ambo ya barabara mlango wa Ridha ulikuwa wazi, na printa yake kubwa ilionekana kutoka hapa, imefunikwa kitambaa cha maua.

"Tutafute njia nyingine," Safaa alisema upesi. "Nipe mpaka asubuhi, Mama. Nitasoma mtandaoni. Kuna watu huwa wana..."

"Asubuhi ofisa yuko hapa."

"Ridha atatucheka!"

"Acheke. Cheko halina kifungu." Mwanabaraka alichomoa flashi, akajitanda buibui lake, akavuka barabara. Baraza zima lilimsindikiza kwa macho.

Ridha alikuwa akilehemu simu. Hakuinua kichwa.

"Ridha, salaam aleikum. Printa yangu haisikizani na mfumo mpya. Nina katiba ya watu wa Fundo, inatakiwa kesho. Cheka sasa hivi, cheka yote umalize, maana nina haraka."

Ridha aliweka chuma cha kulehemu chini. Alijitahidi. Midomo ilimcheza, mashavu yakajaa, na mwisho cheko likamtoka kubwa la kutoka tumboni, mpaka akashika meza. "Bata! Bata wenu haogelei kwenye wino!"

"Umemaliza?"

"Bado kidogo." Akafuta machozi. "Haya. Lete."

Aliichomeka flashi, akafungua, na sasa akaacha kucheka kwa sababu nyingine. Kwenye mashine yake kurasa zilikuwa zimevurugika. Kifungu cha sita kilikuwa kimeangukia juu ya cha saba, na jina la kikundi limekatika katikati, Hatu huku na kawii kule.

"Hii inataka aliyeiandaa," alisema. "Mwite mtoto."

Safaa alikuja akiburuza kandambili. Alikaa kwenye kigoda kimoja, Ridha kwenye kingine, na kwa muda hawakutazamana. Kisha Ridha akasema herufi hizi yeye hana, na Safaa akasema anazo, na Ridha akauliza ulizipata wapi, na Safaa akamwonyesha, na Ridha akasema hebu, hebu rudia hapo. Mwanabaraka aliwaacha. Alirudi upande wa pili, akachukua vikombe viwili vya kahawa kwa Mzee Khatib, akavivusha. Nyuma yake alisikia kitambaa cha maua kikivutwa, na baada ya pumzi kadhaa, sauti ya karatasi ya kwanza ikitoka.

*

Alhamisi wanawake wa Hatukawii walishuka bandarini Wete wote, hata mwenye mimba, wakaja barazani kwa Mwanabaraka. Ofisa wa vikundi alikuwa kijana wa heshima mwenye mkoba mweusi na safari nyingine ya Micheweni. Alizipekua kurasa kwa haraka, akasema ziko sawa, akatoa kalamu.

"Mwenyekiti, tia saini hapa."

"Isomwe kwanza," alisema Bi Mwatum.

"Bibi, si mmeshaisoma nyinyi?"

"Tulisoma ya kwenye mashine. Hino ya karatasi hatujaisikia."

Ofisa alitazama saa yake, akamtazama Mwanabaraka kama anayeomba msaada. Mwanabaraka alimsogezea kiti. "Keti, mwanangu. Pana kahawa. Mie nasoma haraka."

Akasoma, amesimama mlangoni pa chumba chake, na majina yakaitwa, na nimesikia zikapokezana kutoka ngazini hadi kwenye birika. Kwenye mkwe asiye na taarifa, ofisa alicheka akapaliwa. Kwenye kifungu cha tisa, Bi Mwatum alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Saini zikatiwa, na gumba la wino kwa asiyeandika. Mkoba mweusi ukafungwa, katiba ikiwa ndani yake.

Baraza lilikuwa limechanganyika. Mtu angeshindwa kusema kulia ni wapi. Ridha alikuwa akimtajia Safaa kasoro tatu za Linaksi, na Safaa akimjibu ya kwanza kabla hajafika ya pili.

"Kwa hiyo nani kashinda?" muuza ndimu aliuliza, kwa kuwa alitaka kujua akae wapi.

Mzee Khatib aliinua birika kulia, akaliinua kushoto, akalirudisha mkaani.

"Mwana wa Bi Asya," alisema Bi Mwatum. Alikuwa tayari ameshashuka ngazi, akapanda tena. "Kuna kimoja tumekisahau. Chanja zikija, nani anaanika mwanzo?"

"Mwandamizi!" alisema mmoja.

"Mwenye mwani mbichi zaidi!"

"Rudi nyuma, rudi nyuma!"

Wote wakasema kwa mpigo mmoja. Mwanabaraka alikaa kizingitini, akaifungua mashine mapajani. Katikati ya vitufe palikuwa na uzi mmoja wa mwani, umekauka, mwekundu, na chembe za chumvi zilizoganda pembeni mwake. Aliupuliza. Haukutoka. Akauacha, akaweka vidole vyake huku na huku, na kwenye ukurasa mweupe kijistari kikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kikiwangoja.